Kombo imegoma: ubadilishe kombo, padi au gemu?

Kombo, ule mfululizo wa mapigo yanayoungana kwenye gemu la kupigana, umeifanyia kazi wiki tatu. Nyumbani, dhidi ya mdoli wa mazoezi wa gemu asiyerudisha hata kofi, kombo inatoka mara saba kati ya kumi. Unapanda daladala mpaka kibanda cha magemu, unalipia mechi, unamrusha mtu hewani kwa pigo safi kabisa, halafu vidole vinagoma. Mpinzani anadondoka, anainuka, anakumaliza. Nimeyapitia hayo Sinza na Tandika kwa miaka, na najua yanavyomuuma mtu aliyejituma kweli.

Mtu akifika hapo hupewa ushauri wa aina tatu. Achana na hiyo kombo, tafuta nyepesi. Padi yako (kile kidude cha vitufe cha kushika mikononi) mbovu, nunua nyingine au hamia kwenye fimbo, ile ya mpini na vitufe vikubwa. Gemu lenyewe halikufai, jaribu jingine. Kila ushauri una ukweli wake, na kila mmoja unaweza kukumalizia hela na muda bure ukiuchukua kwa wakati usio wake. Nitaupima wote kwa kumfikiria mchezaji wa Dar mwenye PS4 (PlayStation 4) nyumbani, au asiye na kitu zaidi ya kibanda cha mtaani kwake.

Kwanza ujue inakatikia wapi

Magemu ya kupigana, karibu yote, huchora picha 60 kwa sekunde. Kila picha huitwa fremu (siyo fremu ya duka, hii ni ya muda), na moja hukaa milisekunde kama 16.7. Ukisikia kombo fulani ina nafasi ya fremu moja, maana yake kitufe lazima kiguswe ndani ya muda huo tu. Ili uusikie ukubwa wake: singeli ya mipigo 200 kwa dakika ina fremu 18 kati ya pigo na pigo. Hiyo fremu moja ni sehemu ya kumi na nane ya hapo. Nguvu haikufikishi huko, na hasira ndiyo kabisa. Unafika kwa mdundo.

Tena kombo si za aina moja. Kuna pigo linalokatisha lililotangulia: la kwanza bado linagusa, wewe umeshabonyeza la pili, na gemu linafuta ule muda wa kurudisha mkono. Hapo wepesi unasaidia. Kuna na pigo la kuunganisha: unasubiri la kwanza liishe, mkono urudi, ndipo ubonyeze la pili kabla mpinzani hajazinduka. Hapo wepesi ndio unaoharibu. La kukatisha ni singeli, la kuunganisha ni taarab ya zamani. Wengi ninaokaa nao kwenye benchi wanapiga yote mawili kwa mwendo mmoja, wanabonyeza mara nne panapotaka mara moja, kisha wanaamini vidole vyao ni vizito. Si vizito. Vinacheza wimbo mwingine.

Na hii mambo ya kukatisha ndiyo chimbuko la kombo. Street Fighter II ya mwaka 1991 ilipokuwa ikitengenezwa, Noritaka Funamizu wa Capcom, kampuni iliyolitengeneza, aliona kwenye hatua ya kuvunja gari kwamba mapigo yanaweza kuungana bila kukusudiwa. Akaona muda wake ni mgumu mno kiasi kwamba hakuna atakayeutegemea, ikaachwa ibaki. Kombo ilizaliwa ngumu, kwa hiyo anayehangaika nayo asijione mzembe.

Kabla hujachagua chochote, ingia kwenye mazoezi na uwashe historia ya vitufe, ile orodha ya mishale na alama inayoshuka pembeni ya skrini. Street Fighter 6, Tekken 7, Tekken 8 na Mortal Kombat 11 zote zinayo. Piga kombo mara ishirini, kisha soma zile zilizokatika. Zikikatika palepale kila mara, shida iko kwenye kombo na mdundo wako. Ukiona mshale wa chini-mbele haupo kabisa na una hakika kidole kilipita, ishuku padi. Na kama nyumbani vyote viko sawa ila ukitoka nje haitoki, shida iko kwenye TV, kwenye upande uliokaa, au kwenye presha. Majibu hayo matatu yanakupeleka kwenye dawa tatu tofauti.

Kombo ndefu au kombo fupi

Hapa ndipo ningependa watu wengi waanzie, maana hapagharimu hata senti, na ndipo panapopuuzwa zaidi.

Tuseme kombo yako ndefu inamtoa mpinzani damu (uhai wake kwenye gemu) 70 na inatoka mara nne kati ya kumi. Katika nafasi kumi, ukihesabu zilizotimia tu, umepata 280. Fupi inatoa 50 tu lakini inatoka mara tisa: umepata 450. Na hesabu hiyo bado haijagusa hasara ya kombo iliyokatika, maana ikikatika mpinzani anatua miguuni akiwa karibu yako, na wewe mara nyingi uko katikati ya pigo lililokosa. Unaadhibiwa juu ya kukosa.

Kuna jambo jingine linalofanya ndefu isiwe na thamani inayoonekana. Magemu haya hupunguza nguvu ya kila pigo kadiri kombo inavyoendelea, kusudi mtu asifie hewani kwa kombo moja. Mapigo mawili matatu ya mwanzo ndiyo yanayobeba damu nyingi. Ule mkia mgumu uliohangaika nao wiki tatu unaongeza kidogo tu. Kwa hiyo ukitaka kufupisha, usitafute kombo mpya kabisa. Chukua ileile, ondoa pale inapokatikia, weka pigo moja rahisi la kumalizia. Mwanzo umeshaujua, vidole havijifunzi upya.

Ndefu ina haki yake pia. Kuna kombo inayombeba mpinzani mpaka ukutani, na kwenye Tekken ukuta ni neema ya pili. Kuna damu kumi za mwisho zinazoamua raundi. Na kuna raha ya kitu kigumu, ambayo siwezi kumnyima mtu, kwa sababu ndiyo iliyoniingiza kwenye magemu haya. Nimekaa na Kazuya, mhusika wa Tekken, muda mrefu kwa ajili ya ngumi moja tu, ile ya umeme: mbele, achia, chini, halafu chini-mbele pamoja na pembetatu, na hivyo viwili vya mwisho lazima viangukie fremu moja. Ukipata, mkono unatoa cheche, na hata mpinzani akizuia wewe ndiye unabaki na faida. Ukikosa inatoka ngumi ya kawaida inayofanana nayo, na akiizuia ana ruhusa ya kukuadhibu.

Nilichofanya ni kuitenga. Kwenye mechi, ngumi ya umeme nikaiondoa katikati ya kombo zangu zote na kuweka pigo jepesi mahali pake. Kwenye mazoezi ikabaki, peke yake. Ushindi ulianza kurudi wiki ileile, na umeme nao haukufa. Ningekuwa na mdogo wangu anayeanza leo ningemwambia hivyohivyo: mechini nenda na fupi, mazoezini kaa na ndefu, usivichanganye.

Na namna ya kukaa na ndefu ina maana kubwa. Saa tatu mfululizo usiku mmoja hazifikii dakika kumi na tano kila siku kwa wiki mbili. Mwendo wa vidole huendelea kujipanga ukiwa umelala, ndiyo maana jambo lililokukatalia usiku mara nyingine asubuhi linatoka lenyewe. Igawe kombo, anza na mkia wake, ukishaumudu ongeza pigo lililo nyuma yake, urudi hivyo mpaka mwanzo. Ukifanya hivyo, kila ukisonga mbele unaelekea sehemu uliyoizoea. Tamka mdundo kwa mdomo, ta-ta, taa, ta. Legeza mkono. Ukiona kidole gumba kinauma, umeshaanza kubana padi, na mkono uliobana huwahi kubonyeza.

Padi, fimbo au kibodi

Hapa nitasema wazi: kwa mchezaji wa hapa kwetu, fimbo isiwe chaguo la kwanza. Ni kifaa kizuri, mizunguko ya mwelekeo (kama chini, chini-mbele, mbele) inatoka kwa raha, vidole vyote vinapata kitufe chake. Lakini ni ghali, utaishi wiki kadhaa ukiwa dhaifu kuliko ulivyo sasa wakati mikono inajifunza upya, na huenda usiweze kuichomeka kwenye mashine ya mtu kibandani. Kama nusu ya mechi zako ziko mtaani, unakuwa umejifunza mikono miwili.

Na usidhani padi ndiyo inayokuzuia kufika juu. Mwaka 2014 Mfaransa anayeitwa Luffy alishinda Ultra Street Fighter IV kwenye mashindano ya Evo kule Marekani akitumia padi ya PlayStation ya kwanza kabisa. Gemu hilo lilijaa mapigo ya kuunganisha yenye nafasi ya fremu moja. Padi inatosha, ilimradi ni nzima.

Uzima ndio suala. Padi nyingi tunazouziwa zimenakiliwa, nje zinapendeza, ndani mpira wa mishale umelegea na pembe za mshale hazishiki. Ukienda Kariakoo, usilipe kabla haijachomekwa. Zungusha chini, chini-mbele, mbele mara ishirini upande mmoja na ishirini upande mwingine, angalia kila pembe inaonekana kwenye skrini. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakataa. Tumia mishale, siyo kijiti cha analogi, hasa ikiwa kijiti kimeshaanza kuhama chenyewe. Na ikiwa kombo yako inataka vitufe viwili kwa pamoja, hamishia hivyo viwili kwenye kitufe kimoja cha juu, L1 au R1. Tekken inaruhusu, na si kudanganya.

Kibodi ni nzuri kuliko inavyosemwa. Kila mwelekeo una kidole chake, na mwendo unaotaka kuachia katikati, kama ule wa umeme, unakuwa safi zaidi. Tatizo ni kwamba kibodi nyingi za bei ya chini hazisomi vitufe vitatu vinne vikibanwa kwa mpigo. Ijaribu kwanza. Kama huna kompyuta ya kuendesha gemu, hili lipite.

TV ndiyo inayosahaulika, na inanisikitisha kila mara kuona mtu anajilaumu kwa kosa la skrini. TV bapa nyingi hupamba picha kabla ya kuionyesha, na kupamba huko kunakula fremu kadhaa. Umejifunza kombo kwa macho nyumbani, ukifika kwenye TV yenye ucheleweshaji mwingine kila kitu kimesogea. Ingia kwenye mipangilio ya picha, washa modi ya gemu. Ni bure, na kwa watu wawili ninaowafahamu ndiyo iliyomaliza kesi nzima.

Tekken, Street Fighter, Mortal Kombat au Dragon Ball

Kuhama gemu si kukimbia. Magemu haya yanataka mikono tofauti kabisa, na inawezekana ulianza na lile lisilo la mkono wako kwa sababu tu ndilo lililokuwa kibandani.

Tekken ndiyo ya mtaani. Tekken 3 ilifika kwenye PlayStation mwaka 1998 na mhusika wake Eddy Gordo akamfanya kila anayebonyeza ovyo aonekane mtaalamu. Kombo zake ni ndefu, ila nyingi zinaanza kwa kumrusha mtu hewani, na kati ya pigo na pigo kuna muda wa kupumua kuliko watu wanavyofikiri. Ugumu mkubwa uko kwenye kusogea na kujua mapigo ya wahusika wengi. Tekken 7 iko PS4. Tekken 8, iliyotoka Januari 2024, haipo PS4, na hilo kwa wengi wetu ndilo linaloamua. Mwenye PS5 anapata humo mtindo maalumu unaowashwa kwa L1 katikati ya mechi, kombo ikatoka kwa kitufe kimoja, ukauzima tena ukitaka kucheza kwa mikono yako. Ni namna nzuri ya kusikia mdundo wa kombo kabla hujaweza kuipiga.

Street Fighter 6, ya Juni 2023, ipo PS4, na kwa mtu aliyekwama kwenye kombo naiweka juu ya nyingine zote. Unachagua namna ya kucheza. Ile ya kawaida inataka mizunguko yote. Ile ya kisasa inakupa pigo maalumu kwa kitufe na mwelekeo mmoja, na ukishikilia R2 ukabonyeza shambulio mfululizo, kombo inajitoa yenyewe. Gharama yake iko wazi: pigo maalumu la njia ya mkato linatoa asilimia 80 ya damu, na baadhi ya mapigo ya kawaida unayakosa. Ukiliingiza kwa mzunguko wake halisi, unapata damu kamili hata ukiwa kwenye kisasa. Hapo ndipo ninapoipendea: unaanza na njia ya mkato, unarudisha mzunguko mmoja mmoja kadiri mkono unavyokubali, na huna siku unayolazimika kuwa mnyonge ili ujifunze. Chumba chake cha mazoezi nacho kinachora mstari wa fremu chini, unaona kwa macho kama uliwahi au ulichelewa.

Mortal Kombat ina ugumu ambao watu hawaambiwi. Mlolongo wake hauubonyezi kwa kufuata mapigo unayoyaona. Unauingiza wote mapema, kama unavyopiga namba ya simu, na mhusika anautekeleza nyuma yako. Mtu aliyetoka Tekken anasubiri pigo la kwanza liguse ndipo abonyeze la pili, na kombo inakatika kila mara, miezi inapita, anaamini hana kipaji. Ukijua hilo tu, nusu ya kombo zinafunguka. Kwenye mipangilio pia kuna kipengele kinachohesabu kuachia kitufe kuwa ni kukibonyeza. Kizime, mapigo yasiyoitwa yatapungua. Mortal Kombat 11 iko PS4, Mortal Kombat 1 ya 2023 haipo.

Dragon Ball FighterZ ya 2018 ni ya mtu anayetaka kombo zenye kupendeza leo hii. Kitufe kimoja ukikirudia kinatoa kombo nzima, na mapigo maalumu yanatoka kwa mzunguko wa robo-duara. Shida ni kwamba ukitaka kuwa mzuri kweli, kombo zake ni ndefu kuliko za Tekken, na wewe unachunga wahusika watatu. Siipendekezi kwa mtu aliyechoshwa na urefu.

Ukinibana niseme moja: PS4 na mikono iliyogoma, Street Fighter 6 ya kisasa. Kama marafiki zako wote wako kwenye Tekken 7, baki Tekken 7 ufupishe kombo, kwa sababu gemu la kupigana bila watu wa kupigana nao litakuchosha kabla kombo haijakuchosha.

Nyumbani au kibandani

Nyumbani kuna utulivu na historia ya vitufe. Kuna pia bando linaloisha na mpinzani aliye mbali. Mechi za mtandaoni za Street Fighter 6 na Tekken 8 zimejengwa kwa namna ambayo vitufe vyako husikika kwa wakati na gemu hurekebisha picha ya mpinzani baadaye, kwa hiyo mdundo wa kombo hauhami sana. Ila kwa intaneti mbovu, nakuomba usiamue chochote kuhusu vidole vyako.

Kibandani unapata kitu ambacho mdoli hana. Arslan Ash alikulia kwenye vibanda vya Lahore, Pakistan, mbali na mashindano makubwa, na mwaka 2019 alishinda Tekken 7 kwenye Evo Japan na kwenye Evo ya Las Vegas. Aliokuwa akipigana nao kila siku ndio waliomjenga. Sisi benchi kama hizo tunazo.

Ila kibanda kina mtego wake mmoja. Mshindi anabaki kwenye padi yake, anayeingia anachukua iliyo wazi, na mara nyingi hiyo inakuweka upande wa kulia wa skrini. Kama mazoezi yako yote yalikuwa kushoto, mishale imegeuka, na mkono unaanza kusoma upya mbele ya watu kumi. Gawa mazoezi nusu kwa nusu. Ukifika, usianze na mwenye nguvu kuliko wote. Omba mechi moja na anayeanza, mwambie wazi, "Mdogo wangu, nijaribu kitu hapa," na usijali matokeo ya hiyo. Vidole vipate joto, macho yaizoee TV yao.

Mimi nimebaki na Kazuya, na padi, na kombo fupi. Umeme naupiga dakika kumi na tano kila asubuhi kabla sijatoka, upande wa kulia, na sauti ya TV nimeifunga niusikie mdundo kwenye kidole.